Mafundisho ya Usalama wa Umeme Kazini: Yalikoanza na Yalivyotufikia

Kitabu chetu hiki cha mwaka aghlabu hujaa nasaba, arusi, safari na khabari za skuli zetu za zamani. Safari hii nimeombwa niandike juu ya kazi, nami nimechagua jambo ambalo ni nadra kuandikwa ingawa limegusa karibu kila nyumba yetu: namna wafanya kazi walivyofundishwa kujilinda na umeme mahali pa kazi, na namna walivyokosa kufundishwa. Hakuna ukoo miongoni mwetu usiokuwa na fundi wa umeme, wa zamani au wa leo. Na hata asiyekuwa fundi, akiwa jikoni, ghalani, hospitalini au afisini, kutwa nzima amezungukwa na waya.

Wazee walisema ajali haina kinga. Methali hiyo ina mahali pake, mathalan pa kumfariji mfiwa. Lakini katika mambo ya umeme historia inatuonyesha kinyume chake. Ajali nyingi zilikuwa na kinga, na kinga hiyo ilikwisha julikana. Kilichokosekana ni mtu wa kumfundisha yule aliyeshika waya.

Kwanza ilikuwa nyumba, baadaye mtu

Mwaka 1879, mjini Lyon huko Ufaransa, seremala wa jumba moja la michezo ya kuigiza aligusa nyaya za mtambo wa volti 250 akafa papo hapo. Huyu ndiye anayetajwa kwa kawaida kuwa mtu wa kwanza kuuawa na umeme uliotengenezwa na binadamu. Tazama alikuwa nani. Hakuwa mwenye jumba, wala mtazamaji aliyelipa kiingilio. Alikuwa mfanya kazi, na tena fani yake ilikuwa mbao, si umeme.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1882, chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme cha London kilitoa kanuni zake za mwanzo za kutia taa za umeme majumbani. Kanuni zenyewe zilikuwa za kurasa chache tu, na jina lake lilieleza wazi shabaha yake: kuzuia hatari ya moto. Mwaka huo huo kampuni ya bima ya Phoenix Fire Office nayo ilitumia kanuni zilizotungwa na mhandisi wake, Musgrave Heaphy. Si ajabu kuwa watu wa bima walikuwa mbele. Jumba likiungua wao ndio waliolipa. Katika kanuni za wale wahandisi mlikuwamo maneno machache juu ya hatari kwa mwili wa mtu, lakini mzigo mkubwa wa fikira ulikuwa juu ya dari, pazia na sakafu.

Hata hivyo wahandisi wale walisema neno moja la maana sana. Walieleza kuwa hatari kubwa za kila matumizi mapya ya umeme zinatokana na ujinga na ukosefu wa uzoefu wa wale wanaoleta na kufunga mitambo. Yaani tangu siku ya kwanza ilijulikana kuwa dawa ya hatari hii ni mafundisho. Kanuni zile ziliendelea kuchapishwa upya hadi leo. Mwaka 1992 zikafanywa kipimo rasmi cha Uingereza kwa namba BS 7671, na chapa ya kumi na nane ilitoka mwaka 2018, ikafuatiwa na marekebisho.

Sheria ya mwaka 1908

Mfanya kazi wa kiwandani alingoja zaidi. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza ilimteua mkaguzi wa kwanza wa umeme viwandani, Bwana G. Scott Ram. Mwaka 1908 zikatoka kanuni maalumu za umeme viwandani chini ya sheria ya viwanda ya mwaka 1901. Hesabu, msomaji: kutoka kanuni za kulinda nyumba hadi kanuni za kumlinda mtu kiwandani ilipita miaka 26.

Katika kanuni za 1908 mna mambo mawili ambayo mwalimu hawezi kuyapita kimya. La kwanza ni kuwa kazi yoyote iliyohitaji ujuzi ili kuepuka hatari isifanywe ila na mtu aliyeidhinishwa, au mtu mwenye uwezo aliye chini ya usimamizi wake wa karibu. Sisi tuliosoma chuoni tunaielewa maana hii bila ya kuelezwa sana. Mtu hasomeshi kwa kuwa anacho kitabu. Husomesha kwa kuwa amekaa mbele ya mwalimu, mwalimu akamsikiliza, akamsahihisha, kisha akampa ijaza. Kanuni za 1908 zilitaka ijaza ya waya.

La pili ni tangazo la ukutani. Penye umeme wa nguvu palitakiwa pabandikwe maelezo ya namna ya kumhudumia mtu aliyepigwa shoti. Kwa wafanya kazi wengi tangazo hilo ndilo lililokuwa darasa lao pekee. Maelezo yake yamebadilika kadiri elimu ilivyobadilika. Zamani yalionyesha namna ya kumlaza mtu kifudifudi na kumkandamiza mgongo ili apate pumzi. Baadaye ikaja njia ya kumpulizia mdomoni. Mwaka 1960 wataalamu wa Johns Hopkins huko Marekani, William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker, walitangaza njia ya kukandamiza kifua ili moyo uendelee kusukuma damu. Huenda wengi wetu hatujui kuwa Kouwenhoven hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi wa umeme, na utafiti wake ulisaidiwa na makampuni ya umeme kwa sababu mafundi wao walikuwa wakifa juu ya nguzo. Kila anayefundishwa leo kuokoa mtu aliyesimama moyo, hata kama hajawahi kushika waya, anafaidika na elimu iliyotafutwa kwa ajili ya mafundi wale.

Umeme kiasi gani unaua?

Swali hili wanafunzi wangu walikuwa wakiliuliza kila mwaka, na wengi walidhani jibu ni la volti peke yake. Volti ni msukumo. Kinachoumiza ni mkondo unaopita mwilini, njia unayopita, na muda unaokaa. Mkondo hupimwa kwa ampea, na sehemu moja ya elfu ya ampea huitwa miliampea. Miliampea moja mtu anaweza kuihisi kama msisimko tu. Ikifika kumi hivi, misuli ya mkono hujikaza na mtu hushindwa kuuachia waya alioushika. Ikifika thelathini na zaidi, pumzi na moyo vimo hatarini.

Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilipima jambo hili kwa watu waliojitolea, wanaume 134 na wanawake 28. Aliona kuwa wanaume kwa wastani waliweza kuachia hadi miliampea 16, na wanawake 10 na nusu. Mwaka 1961 akabuni kifaa kinachokata umeme chenyewe pale kinapohisi kuwa sehemu yake inavuja kwenda ardhini. Vifaa vya jamii hiyo ndivyo vinavyofungwa leo katika masanduku ya umeme ya majumbani na kazini hapa Uingereza, aghlabu vikiwa vimewekwa kukata kwenye miliampea 30, kwa kitambo kidogo sana cha sekunde.

Sasa linganisha. Taa ya zamani ya wati 60 kwenye volti 240 ilitumia miliampea 250. Maana yake mkondo wa taa moja ya chumbani ulikuwa zaidi ya mara nane ya kiasi kinachoweza kuhatarisha moyo. Kwa hiyo neno la kiwandani kuwa huu ni umeme wa taa tu, hauna kitu, ni neno la mtu asiyejua hesabu.

Mombasa na mafundi wetu

Elimu hii ilitufikiaje sisi? Kwa njia nyingi, lakini moja lazima itajwe katika kitabu cha jamaa zetu. Nayo ni ile skuli ya ufundi ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, MIOME. Ilijengwa kwa michango, miongoni mwa waliochangia wakiwa Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub, Aga Khan, jamaa za Mabohora, na serikali ya Kiingereza. Ilipokea wanafunzi wa mwanzo mwaka 1951, wakitoka pwani na visiwani na bara, wakisomeshwa ubaharia, useremala, na uhandisi wa mitambo na wa umeme. Mwaka 1972 skuli ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Kabla ya hapo kijana wa kwetu aliyetaka ufundi wa umeme alimfuata fundi mkubwa, akambebea mkoba, akajifunza kwa kutazama. Njia hiyo ilitoa mafundi hodari, nasi hatuidharau. Lakini ilirithisha mazuri na mabaya kwa pamoja. Zuri lilikuwa la kufanya kazi kwa mkono mmoja na mwingine kuuweka nyuma, ili umeme usipate njia ya kupita kutoka mkono hadi mkono ukakatiza kifuani. Zuri pia lilikuwa la kuvua pete na saa. Baya lilikuwa la kujaribu waya kwa mgongo wa kidole, kuona kama una moto. Fundi aliyefanya hivyo miaka thelathini akapona hakuthibitisha kuwa njia ni salama. Alithibitisha tu kuwa viatu vyake vilikuwa vikavu.

Darasa la ufundi lilileta kitu ambacho mkoba wa fundi haukuwa nacho: sababu. Mwanafunzi hakuambiwa tu usiguse. Aliambiwa kwa nini waya wa ethi upo, kwa nini fyuzi iwe ya kipimo hiki na isiwe kipande cha waya wa bati, na kwa nini swichi ikate waya wa moto. Aliyejua sababu aliweza kuokoka hata katika hali ambayo mwalimu hakumtajia.

Sheria iliyomfikia kila mtu

Wengi wetu tuliingia Uingereza katika miaka ya sitini na sabini. Wakati ule kanuni za umeme za 1908, pamoja na nyongeza ya 1944, ndizo zilizokuwa zikitumika viwandani. Lakini zilikuwa za viwandani. Karani wa afisi, muuguzi, mpishi na mwalimu hawakuwamo.

Mabadiliko makubwa yalikuja na sheria ya afya na usalama kazini ya mwaka 1974, iliyofuata ripoti ya kamati ya Lord Robens ya mwaka 1972. Sheria hiyo iliwaingiza takriban wafanya kazi wote, popote walipo, nje ya watumishi wa majumbani. Iliandika waziwazi kuwa kila mwajiri ana wajibu wa kuwapa wafanya kazi wake khabari, maelekezo, mafunzo na usimamizi kadiri inavyowezekana ili wawe salama. Iliandika pia kuwa mfanya kazi naye ana wajibu wa kujiangalia yeye na wenziwe, na kuwa mwajiri haruhusiwi kumtoza senti kwa vifaa vya kujikinga ambavyo sheria inavitaka. Mwaka uliofuata, 1975, ikaanza kazi idara ya serikali ya kusimamia mambo hayo.

Kanuni za umeme kazini za mwaka 1989, zilizoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1990, ndizo zilizokuja kuondoa zile za 1908. Basi kanuni za mwanzo zilidumu zaidi ya miaka 80. Kanuni mpya zinataka kazi ifanywe umeme ukiwa umezimwa. Kufanya kazi penye moto kunaruhusiwa pale tu ambapo masharti matatu yametimia kwa pamoja: haiwezekani kwa busara kuzima, kuna sababu ya haki ya kufanya kazi hivyo, na tahadhari za kutosha zimechukuliwa. Na sharti la ujuzi limebaki: asiyejua asifanye, ila chini ya usimamizi unaostahili kazi hiyo.

Utaratibu unaofundishwa ni mfupi, na ningependa kila kijana wetu auhifadhi kama tulivyohifadhi juzuu. Tambua umeme wa mahali hapo unatoka wapi. Uzime. Ufunge kwa kufuli lako, na ufunguo ukae nawe. Bandika kibao chenye onyo. Kisha jaribu kipimio chako mahali unapojua pana umeme, upime pale utakapofanya kazi, halafu ukijaribu tena kipimio. Wengi hukiona kipengele hiki cha mwisho kuwa cha kupoteza wakati. Lakini kipimio kilichokufa huonyesha kuwa hapana umeme popote, hata panapo volti 400.

Elimu haisomwi mara moja

Mfano ulio wazi ni rangi za nyaya. Fundi aliyesoma zamani, iwe Mombasa, Unguja au London, alijua kuwa waya mwekundu ni wa moto na mweusi ni nyutro. Penye fezi tatu, fezi zilikuwa nyekundu, manjano na buluu. Kuanzia mwaka 2004 Uingereza ilianza kubadili rangi za nyaya za kudumu majumbani na viwandani, na baada ya tarehe 31 Machi 2006 kazi mpya zote zikatakiwa kufuata rangi mpya: waya wa moto kahawia, nyutro buluu, na penye fezi tatu kahawia, nyeusi na kijivu. Angalia lililotokea. Mweusi, aliyekuwa nyutro, sasa aweza kuwa fezi. Buluu, aliyekuwa fezi, sasa ni nyutro. Katika jengo moja la zamani lililoongezwa vyumba, rangi zote mbili zaweza kukutana katika sanduku moja. Uzoefu wa miaka arobaini bila ya somo hili jipya unaweza kumpoteza mwenyewe.

Walio Zanzibar nao walipata somo la aina nyingine. Umeme wa Unguja, uliokuwa ukitoka bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980, ulikatika karibu mwezi mzima katikati ya 2008, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Kisiwa kikajaa jenereta. Jenereta iliyounganishwa na nyaya za nyumba bila ya swichi ya kugeuza hurudisha umeme barabarani kupitia mita, na transfoma ya mtaa huukuza ukawa wa maelfu ya volti. Fundi wa shirika aliyepanda nguzo akijua laini imekufa anaweza kukutana na umeme wa jirani aliyetaka tu kuwasha friji. Hapa mafunzo yanamhusu hata mwenye nyumba.

Jamaa waliorejea Oman baada ya mwaka 1970 waliikuta nchi ndiyo kwanza inatandaza nyaya. Mtambo mkubwa wa umeme na maji wa Ghubrah ulianza mwaka 1976. Soketi za pini tatu na utiaji nyaya wa mtindo wa Kiingereza waliokuwa wakiujua ndio waliokutana nao huko, na ufundi wao ukafaa. Kanuni za usalama na afya kazini za nchi hiyo ziliwekwa kwa uamuzi wa waziri namba 286 wa mwaka 2008.

Yaliyo mbele yetu

Namjua kijana wa jamaa zetu aliyeanza kazi katika kiwanda kimoja cha mikate hapa Uingereza. Siku ya kwanza alipewa rundo la karatasi akaambiwa atie saini kuwa amefundishwa usalama. Hakuna aliyemwonyesha swichi ya dharura ya mashine aliyopangiwa. Wiki ya tatu ndipo alipoijua, kwa kumwuliza mzee wa Kipolandi aliyesimama karibu naye. Kijana hakupatwa na kitu, lakini saini yake ilikuwa tayari faili kumtetea mwajiri.

Mambo kama hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Kanuni za mwaka 1999 za usimamizi wa usalama zinasema kuwa khabari anazopewa mfanya kazi ziwe za kufahamika, na kuwa mafunzo yafanywe ndani ya saa za kazi. Kwa hiyo vijana wetu, na khasa wanaopitia mawakala wa kazi, wana haki ya kusema hawakufahamu na wanaomba kuonyeshwa. Wasione haya kwa sababu ya lugha. Kina mama wanaofanya kazi za usafi na za kutunza wazee wawe na desturi ya kutazama plagi iliyopasuka, waya uliochunika na soketi yenye alama ya kuungua, na wasichomeke kitu hadi wametoa taarifa. Wazee waliokuwa mafundi wakae na wajukuu wao mchana mmoja wawaonyeshe sanduku la umeme la nyumba, swichi kubwa iko wapi, na kuwa mtu aliyenaswa na umeme haguswi mpaka umeme uzimwe.

Na kijana akiambiwa kazini, gusa tu, pamezimwa, asibishane wala asiogope kuitwa mwoga. Aulize swali moja kabla ya kunyoosha mkono: nani amepima?